Sarafu Inayotazama Mbele

Watu wa mji walimwita Hakika, kwa sababu kila uongo wake ulitanguliwa na neno hilo. "Hakika, mzigo wako umeshapakiwa." "Hakika, dawa hii imepimwa na madaktari watatu, na wawili kati yao wamepona." Siku aliposema kweli, jambo lililomtokea mara chache na bila kukusudia, alianza na "nadhani". Alikuwa na suti moja ya kijivu, viatu vya kahawia vilivyong'aa juu na kutoboka chini, na ulimi ambao ungeweza kumuuzia kinyozi nywele alizotoka kuzifagia.

Alichokosa maishani ni gari. Mjanja anayetembea kwa miguu, kwa maoni yake, alikuwa sawa na mganga anayekohoa: wateja wanaanza kuuliza maswali. Mara mbili mwaka huo alishamlainisha mtu kwa maneno hadi mwisho, na mara mbili mtu huyo akamsindikiza nje kwa heshima, akamwona anakanyaga vumbi kuelekea kwao, akabadili nia papo hapo.

Jumatano saa saba mchana alikuwa ameketi kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa sonara. Hakika alipita pale kila siku saa saba, kwa bahati tu, na kila siku kwa bahati tu chakula kilikuwa kinapakuliwa. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la rangi za nyumba. Palikuwa na meza iliyoungua pembeni, mtungi mdogo wa gesi, koleo na tupa zilizopangwa kwa ukubwa, na ngozi iliyotundikwa chini ya meza kukinga vumbi la fedha, maana kwa sonara vumbi nalo ni mali.

Karibu na dirisha alikaa mama mkwe.

Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa heshima zote. Wapo wanaume wanaoogopa nyoka na wapo wanaoogopa daktari wa meno. Hakika aliogopa macho ya mama mkwe. Miaka kumi na moja nyuma, siku alipokwenda kuposa, alimweleza mama huyo kwamba yeye ni mhandisi wa madaraja. Mama akaweka kikombe chini na kusema, "Nitazame machoni, kisha useme tena." Hakika akatazama viatu vya mama, akasema tena. Ndoa ilifungwa, kwa kuwa binti alishaamua, lakini tangu siku hiyo macho ya Hakika hayakuwahi kupanda juu ya kifundo cha mguu cha mama mkwe. Viatu vyake alivijua vyote: vyeusi vyenye bizimu vya msibani, vya kijani vya kwenda kliniki, ndala za bluu za nyumbani. Uso hakuujua kabisa. Mama alipoteguka mguu mwaka juzi, Hakika ndiye aliyembeba mgongoni hadi hospitali bila kupumzika, na wote wakamsifu. Kumbe ilimfaa na yeye, kwani anayebebwa mgongoni haonekani.

"Shikamoo mama," aliziambia ndala za bluu.

"Marahaba," zikajibu, kwa sauti iliyopita puani, kama mtu asiyetaka kufungua mdomo. Hakika alidhani anaumwa jino.

"Mama, usigeuke," sonara alisema. "Na usinune."

"Sijanuna. Nimesikia tu mkwe wangu ameingia."

Hakika akawaachia mambo yao, maana jicho lake lilikuwa limenasa mezani. Palilala mkufu wa fedha wenye sarafu kumi na mbili, kila moja upana wa kizibo cha soda, zimeunganishwa kwa vipete vidogo kuliko punje ya mchele. Upande mmoja wa kila sarafu palichongwa kichwa cha mwanamke anayetazama pembeni, amevaa kofia ya chuma ya vita. Upande wa pili alisimama bundi. Kingo zilikuwa zimepinda hapa na pale, na fedha imepakwa weusi kwenye mabonde, hivyo zilionekana kama vitu vilivyolala chini ya ardhi tangu dunia ikiwa na meno ya utoto.

"Umezitoa wapi?"

"Nimezitoa kwenye vidole vyangu," sonara alisema, akimwonyesha. Vilikuwa vyeusi na vimekatwakatwa. "Niliona picha za sarafu za Wagiriki wa kale kwenye kitabu cha historia cha shule. Unajua walikuwa wanazigonga moja moja kwa nyundo? Hakuna mbili zilizofanana. Pesa yao ilikuwa kazi ya sonara, shemeji. Nikasema na mimi nijaribu. Tabu ilikuwa huyo mwanamke, maana mwanafunzi mmoja alimchorea masharubu na miwani kwa kalamu, hata huuoni uso. Ikabidi nitafute uso mwingine."

"Umefanya vizuri," alisema Hakika, ambaye hakuwa amesikiliza tangu neno "kale".

Sonara alikuwa na sababu ya kuongea sana siku hiyo. Kwa miaka tisa alikuwa akiunga hereni zilizovunjika na kupanua pete za watu walionenepa baada ya harusi. Sasa, kwa mara ya kwanza, alikuwa amepewa meza kwenye maonyesho ya kazi za mikono katika ukumbi mkubwa wa mji, meza namba saba, Jumamosi. Mkufu ule ulikuwa kazi ya miezi saba. Saa tatu asubuhi meza ikikutwa tupu, wanaichukua na kumpa mwingine, na sonara anarudi kwenye pete za watu wanene mpaka macho yamwishe.

"Hereni zake nimeanza leo; kwa mkufu kilichobaki ni sanduku la kuuwekea," alisema. "Siwezi kuupeleka kwenye mfuko wa nailoni."

"Namjua fundi wa masanduku," Hakika alisema. "Anatia mahameli ndani, nyekundu. Nipe, nimpelekee apime."

Sonara alisita. Alimjua shemeji yake. Lakini alimkumbuka pia akitokwa na jasho jembamba kwenye ngazi za hospitali, mama akiwa mgongoni, na moyo wake ukalegea. Akauviringisha mkufu kwenye kitambaa.

"Rudi nao," sauti ya puani ilisema kutoka dirishani.

"Hakika, mama," akaziambia ndala.

Kama sonara angekuwa amelitia neno lile maanani, hadithi ingeishia hapa na sote tungekwenda kulala. Lakini alikuwa anawasha gesi.

*

Mzee Gia aliuza magari yaliyokwisha tumika, na jina hilo alilipata kwa kuwa kila gari lililotoka uwanjani kwake lilipungukiwa gia moja. Alikuwa mjane wa miaka sita, mtu wa miraba minne, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Watu waliompunja katika biashara walihesabika kwa kidole kimoja, na huyo mmoja mwenyewe alikuja baadaye kuomba msamaha. Hakika alimchagua kwa sababu hiyo hiyo. Mtu anayejiona hapunjwi ni sawa na mlango unaodhaniwa umefungwa: hakuna anayehangaika kuulinda.

Aliingia ofisini, akachungulia nyuma kama anayefuatwa, akafunga pazia.

"Mzee wangu, nina dakika tano," alisema kwa sauti ya chini. "Nimetoka kwa watu wawili, mmoja daktari, mmoja mwanasheria. Wote wanalia wanataka. Nikasema hapana, kitu hiki kinamstahili mtu mwenye jicho."

"Mimi jicho moja lina mtoto wa jicho," alisema Mzee Gia.

"Basi lile jingine."

Akakunjua kitambaa. Mzee Gia akainama kwa uvivu wa mtu aliyeonyeshwa mengi. Kisha akaacha kupumua.

Hakika aliijua dalili hiyo, akaachia ulimi. "Ugiriki ya kale. Miaka elfu mbili na mia tano chini ya ardhi. Huyu ni mungu wao wa kike, wa vita na hekima. Umeona kofia yake? Hilo sikio la chuma pembeni, hakika, ni la kusikilizia adui akiwa mbali. Na hapo juu palipobonyea, hapo alipigwa rungu vitani na hakuanguka."

"Hakuanguka," Mzee Gia alirudia.

"Ziko kumi na mbili kwa sababu ya miezi. Kila mwezi mungu huyu alikuwa na hali yake. Hapa ana njaa. Hapa anasinzia. Hapa..."

"Hapa amekasirika," Mzee Gia alisema, akiigusa sarafu ya tano kwa ncha ya kidole. "Hivi hivi. Pua inapanda kidogo hivi, kabla hajasema neno."

Hakika akashangaa jinsi mzee alivyozama haraka. Kwa kawaida kazi ya namna hii ilimchukua saa nzima na vikombe vitatu vya chai.

Mzee Gia akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. "Huyu mwanamke," alisema, "umesema amekufa lini?"

"Miaka elfu mbili na mia tano."

"Hapana. Yu hai."

"Hakika," alisema Hakika kwa upole. "Sanaa haifi."

Mzee akageuza sarafu moja, akakunja uso. "Mbona nyuma kuna bundi? Bundi ni uchuro."

"Bundi wa huku, ndiyo. Bundi wa Ugiriki alikuwa msomi. Wa huku anakesha kwa ubaya, yule alikuwa anakesha kwa mitihani."

Hoja hiyo haikuhitajika hata kidogo. Mzee Gia alishausahau uchuro. Aliuinua mkufu kwa mikono miwili, kwa tahadhari, na kwa namna ya ajabu sana kwa mfanyabiashara wa magari, macho yake yalikuwa yamelowa. "Unataka nini?" aliuliza.

Hakika akatazama dirishani. Uwanjani, mbele kabisa, lilikuwa limesimama gari jeupe lenye viti vya ngozi. Alikuwa amelipita kila siku kwa miezi minne, na kila siku lilimwumiza kifuani. Alijiandaa kuomba, kukataliwa, kususa, kurudi, kuapa kwa kaburi la babu yake aliye hai. Badala yake Mzee Gia akachomoa funguo kwenye msumari, akamtupia.

"Chukua. Andika hapa kwamba tumebadilishana kwa hiari."

"Halina tatizo?"

"Ni gari la mtu anayesonga mbele," alisema Mzee Gia, na macho hayakutoka kwenye mkufu.

*

Hakika aligundua maana ya maneno hayo nusu saa baadaye, alipojaribu kutoka kwenye uchochoro. Gari jeupe halikuwa na gia ya kurudi nyuma. Lilikwenda mbele vizuri, kwa adabu na bila kelele, lakini ukilielekeza kwenye ukuta, hapo ndipo makao yenu mpaka wapite watu wanne wenye nguvu za kulisukuma.

Halikumpunguzia furaha. Alhamisi nzima aliuzunguka mji kwa kwenda mbele tu. Akipitiliza anakokwenda, alizunguka mitaa mitano na kurudi kwa upande wa pili, akipunga mkono kana kwamba amekusudia. Wale waliozoea kumwita "we Hakika" walianza kumwita "bosi". Mkewe alipouliza gari ni la nani, alisema ni la kazi. Alipouliza kazi gani, alisema amechelewa. Na sonara alipompigia simu kuulizia sanduku, alijibu, "Hakika, shemeji, gundi tu haijakauka."

Tusimfanye kuwa mbaya kupita alivyokuwa. Usiku huo aliifikiria meza namba saba ikiwa tupu, na kwa dakika kama tatu hakujisikia vizuri. Kisha akaukumbuka usukani, akalala.

Ijumaa asubuhi alikuwa ameliegesha gari mbele ya kinyozi, pua ikiangalia barabara kwa sababu tunazozijua, sonara alipotokea. Alikuja mbio, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Hakika akajiandaa kusema habari za gundi, lakini shemeji hakumpa nafasi. Akaingia kiti cha mbele na kuangua kilio.

Hakika hakuwahi kumwona shemeji yake akilia, hivyo hakuwa na kipimo cha kujua kilio chake halisi kinafananaje.

"Shemeji, nimefanya kosa kubwa," alisema katikati ya kwikwi. "Zile sarafu sikuzitengeneza zote kumi na mbili. Nimetengeneza kumi na moja. Fedha iliniishia. Nikafungua kopo la vifungo la marehemu bibi, nikakuta kisarafu cheusi kichakavu, chenye mwanamke na kofia hivyo hivyo. Nikakitoboa tundu nikakiunga pamoja na vingine. Nilidhani ni kifungo cha koti."

"Kumbe?" Hakika alisema.

"Jana nimempelekea picha mtaalamu wa mambo ya kale, anakuja kesho ukumbini. Amenipigia simu anatetemeka. Anasema hiyo moja ni ya kweli, shemeji, ya Ugiriki kweli, na iko moja tu ulimwenguni. Amesema nimtajie ninachotaka. Nyumba, gari, magari kumi, nimtajie tu. Na mimi nimeitoboa tundu." Akalia upya. "Uitunze. Utaitambua kirahisi. Zote zinatazama pembeni. Hiyo moja inatazama mbele."

Hakika alijaribu kukumbuka sarafu inayotazama mbele, na kwa kuwa alitaka sana kuikumbuka, akaikumbuka. Alimshusha shemeji kwenye kona, akamwambia asiwe na wasiwasi, na akakanyaga mafuta. Magari kumi. Na yangekuwa na gia zote.

Hakujiuliza hata mara moja kwa nini sonara, aliyeishiwa fedha, alikuwa na vumbi jipya la fedha kwenye nyusi.

*

Mzee Gia alikuwa ofisini, amenyoa ndevu, amejipulizia manukato, na anaimba taratibu bila sauti nzuri.

"Mzee wangu," Hakika alianza, akishika kifua, "sijalala. Dhamiri inanisuta. Nimesikia kwamba ule mkufu una laana. Kila aliyeuvaa alipatwa na balaa. Nimekuja kukuokoa. Chukua gari lako, nipe niende nao mwenyewe, potelea mbali."

"Laana?" Mzee Gia alijikuna shingo. "Mimi tangu niupate mambo yananinyookea. Jana nimenyweshwa chai na mtu aliyenikatalia salamu miaka miwili. Amenikaripia saa nzima. Sijapata kufurahi namna ile."

"Ndivyo laana inavyoanza. Kwa utamu."

"Na hata hivyo mkufu sinao. Nimempa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Anayestahili." Mzee akavuta mtoto wa meza. "Imebaki hii moja tu, ndani ya kiboksi. Siipendi. Wenzake wote wanatazama pembeni, hii inanikodolea macho."

Hakika alichomoa funguo za gari mfukoni. Akasema kwa sauti iliyokusudiwa kuwa ya uchovu, "Basi nipe hiyo hiyo, nikaitupe mbali. Funguo hizi hapa."

"Gari lilikuwa kwa mkufu mzima. Kwa hii moja inayokodoa..." Mzee Gia alifikiri. "Ungekuwa huitaki sana, ningekupa bure. Lakini naona unaitaka. Ongeza koti."

"Koti langu?"

"Na viatu."

"Mzee, viatu hivi vimetoboka."

"Najua. Nimeagizwa viatu."

Mtu mwingine angeuliza ni nani mwenye akili zake anayeagiza viatu vilivyotoboka. Lakini Hakika alikuwa anayahesabu magari kumi na kuyapangia rangi. Akavua koti, akavua viatu, akasaini karatasi ya kubadilishana kwa hiari, ya pili katika siku tatu. Mzee Gia akampa ndala kuukuu za mlinzi asitembee peku.

Alifungulia kiboksi nje, nyuma ya basi bovu. Ilikuwa kweli. Sarafu moja nzito, nyeusi kwenye mabonde, na mwanamke mwenye kofia ya chuma yenye masikio mawili, kushoto na kulia, akimtazama moja kwa moja. Alikuwa na pua iliyopanda kidogo. Hakika akajisikia ajabu. Macho yakamteremka yenyewe mpaka kwenye vidole vyake vya miguu. Na bila kujua kwa nini, akaiambia sarafu, "Shikamoo."

*

Jumamosi saa tatu kasoro alisimama mlangoni mwa ukumbi, amevaa shati, suruali ya suti na ndala za mlinzi. Mpango ulikuwa mwepesi: kumdaka mtaalamu kabla hajaonana na sonara. Kwa nusu saa alimsogelea kila mwenye miwani.

"Samahani, wewe ni daktari wa mambo ya kale?"

Wa kwanza alikuwa daktari wa ng'ombe. Wa pili alikuwa wa meno, akamwambia atoe ulimi, akautazama kwa muda mrefu, akasema hajawahi kuona uliofanya kazi kiasi hicho. Wa tatu hakuwa daktari wa chochote, ila alikuwa na umri mkubwa na aliona anatukanwa. Mwishowe mama mmoja aliyebeba vikapu akamhurumia.

"Unatafuta mambo ya sarafu za kale? Meza namba saba. Wewe fuata watu."

Nje ya dirisha, pembeni ya ngazi, Hakika aliliona gari jeupe limeegeshwa, pua ikiangalia barabara. Hakulipenda jambo hilo. Alilifikiria kwa muda wa hatua tatu, kisha tamaa ikamsukuma mbele.

Watu walikuwa wamejazana pale mezani mpaka ikabidi apite kwa mabega. Kwanza aliona kibao kilichoandikwa kwa mkono: *Vito vya mkono, vimebuniwa kwa kuiga sarafu za Ugiriki ya kale.* Kisha akaona sanduku lililotiwa mahameli nyekundu, na ndani yake mkufu. Akahesabu. Kumi na mbili. Akahesabu tena, kwa kidole. Kumi na mbili, na zote zinatazama pembeni. Nyuma ya meza sonara alikuwa anaandika jina la mwanamke mmoja kwenye daftari la oda, na ukurasa ule ulikuwa umejaa mpaka chini. Pembeni yake alisimama Mzee Gia ndani ya koti la kijivu lililomkaba kwapani, akiwaeleza watu kwa sauti kubwa kwamba kofia ile ina masikio ya kusikilizia adui.

Ubaridi ukampanda Hakika toka kwenye ndala. Akafanya alichofanya kwa miaka kumi na moja kila alipobanwa: akatazama chini.

Chini ya kitambaa cha meza palikuwa na miguu miwili ya mtu aliyeketi. Akaviangalia viatu ajue anamsalimia nani. Havikuwa vyeusi vyenye bizimu. Havikuwa vya kijani. Havikuwa ndala za bluu. Vilikuwa viatu vya kiume vya kahawia, vinang'aa juu, vimetiwa magazeti visiginoni ili vikae.

Vilikuwa vyake.

Kwa mara ya kwanza Hakika hakuwa na wa kumsalimia. Hapakuwa na njia ya kujua mwenye miguu ile ni nani ila ile moja ambayo watu wote duniani wanaitumia. Akaanza kupandisha macho. Yakapita kifundo cha mguu, mpaka wa nchi aliyoijua. Yakapita magoti, yakapita mikono iliyopakatwa kwa utulivu, yakapita shingo, yakafika. Mama mkwe alikuwa ameketi upande, mgongo wima, akitazama pembeni, na kichwani alikuwa amevaa sufuria. Ilikuwa sufuria ya masikio mawili, iliyobonyea kidogo juu. Watu waliotaka kununua walikuwa wanashika sarafu, wanamtazama yeye, wanatazama sarafu, wanatikisa vichwa kwa kuridhika.

Hakika akatazama mkufu. Ana njaa, anasinzia, amekasirika. Akamtazama mama. Miezi saba alikuwa ameketi dirishani na sufuria kichwani, na yeye amekula pale kila siku saa saba, akizungumza na ndala.

"Mzee huyu aliniletea mkufu Jumatano jioni, ananiposa," mama alisema bila kugeuka, ili asiharibu pozi. "Anasema ameuziwa sura yangu na mtu ambaye hakujua ni sura ya nani. Nikamwambia huyo mtu yuko mmoja tu mjini, na ni wangu."

"Na umemjibuje?" mama wa vikapu aliuliza, maana sasa ukumbi mzima ulikuwa umetega sikio.

"Namfikiria. Kwanza arekebishe gia."

Mzee Gia akainamisha kichwa kwa furaha ya mtu aliyekaripiwa.

Kisha mama mkwe akageuka. Aligeuka polepole, sufuria ikageuka naye, mpaka masikio yake mawili yakawa kushoto na kulia, na uso ukawa ule ule uliokuwa ndani ya kiboksi mfukoni mwa Hakika, na pua imepanda kidogo. Hakika alitamani kurudi nyuma, lakini nyuma kulikuwa kumejaa watu. Ulimi aliutafuta, akaukuta, ukakataa kazi.

"Miaka kumi na moja nimeongea na utosi wako," mama alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilimwumiza zaidi. "Ulinibeba mgongoni na mguu wangu umevimba, nikasema moyoni, mtu huyu si mbaya, ana tatizo la shingo tu. Haya. Nitazame machoni, kisha useme tena. Wewe ni mhandisi wa nini?"

Sonara aliweka kalamu chini. Hakika alimtazama mama mkwe machoni. Yalikuwa macho ya kawaida, ya kahawia, yamechoka kidogo, na hayakuwa na makali aliyokuwa akiyakimbia.

"Nadhani," alisema, "mimi si mhandisi."

"Nilijua siku ile ile," mama alisema. "Nilitaka tu uniambie wewe." Akavua sufuria, akajipepea nayo, akamkabidhi. "Shika. Shingo inaniuma. Kaa hapa, tazama pembeni, na usifungue mdomo mpaka saa kumi."

Hakika akaivaa. Ilimtosha. Sonara akavuta kiti, akamwinua kidevu kwa kidole cheusi, akamtazama kwa jicho la kazi, kisha akachukua kalamu na kuanza kumchora awe bundi wa mkufu unaofuata.